Je, wajua kwa nini samaki anayekula kilindini huwa na zebaki nyingi?

Chukua jodari wawili waliovuliwa karibu na visiwa vya Hawaii, mmoja wa mapezi ya njano, mwingine wa macho makubwa. Bahari ni ileile, lakini ukipima minofu yao, kwa kawaida huyu wa macho makubwa ndiye mwenye zebaki zaidi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Hawaii walionyesha kwamba kina anachokulia samaki kina uzito mkubwa katika jambo hili. Jodari wa mapezi ya njano hula zaidi karibu na juu. Mwenzake mchana huzama mita mia kadhaa akiwafuata ngisi na visamaki vya gizani.

Inashangaza, maana zebaki nyingi huingia baharini kutoka angani. Makaa ya mawe yakichomwa hutoa mvuke wake, na volkano pia. Lakini wanaorusha nyingi zaidi hewani ni wachimbaji wadogo wa dhahabu duniani kote, wakiwemo wa kwetu Geita na Chunya: huchanganya zebaki na mchanga wenye dhahabu, kisha hulichoma lile donge motoni mpaka ibaki dhahabu tupu. Mvuke huo huweza kuzunguka angani kwa miezi kabla ya kushuka.

Ikifika baharini, zebaki hiyo bado haiingii sana katika miili ya samaki. Kazi mbaya hufanyika chini. Vinyesi na mabaki ya viumbe vidogo huzama polepole, usiku na mchana. Bakteria huvila njiani, oksijeni hupungua, na katika maji hayo baadhi ya vijidudu huigeuza zebaki kuwa methilizebaki, aina yake yenye sumu kali, ambayo hung'ang'ania protini za mnofu. Juu, mwanga wa jua huivunja sehemu yake. Kule gizani hakuna jua. Utafiti wa mwaka 2013 kaskazini mwa Pasifiki ulionyesha kuwa hadi asilimia 80 ya methilizebaki ya vilindini imetengenezwa hukohuko. Na mwaka 2020 zebaki iliyotoka angani iligunduliwa hata ndani ya samaki wa Mfereji wa Mariana, ambako ndiko bahari ina kina kirefu kuliko kwingine kote.

Kutoka hapo hupanda kwa kuliwa: planktoni (viumbe vidogo sana vinavyoelea majini), kamba wadogo, ngisi, jodari. Kila mlaji huingiza upesi na kutoa polepole, hivyo umri nao una hesabu yake: aishiye zaidi hurundika zaidi. Yuko samaki wa rangi ya chungwa, wa vilindi vya New Zealand, anayeweza kuishi zaidi ya miaka 100. Faulusi haishi hata kumi.

Linaloniuma ni imani kwamba kuloweka, kukausha au kuchemsha samaki sana huitoa zebaki. Haitoki, kwa kuwa imo ndani ya mnofu wenyewe. Mwili wa mtu mzima huhitaji takriban siku 50 hadi 70 kuipunguza nusu, na kwa mjamzito hupita kondo la nyuma hadi kwenye ubongo wa mtoto. Minamata, Japani, ambako ugonjwa wake ulitangazwa mwaka 1956, mama walioonekana wazima walizaa watoto walioathirika vibaya. Kule kiwanda kilimwaga zebaki ghubani, lakini sumu ni hiyohiyo.

Mjamzito asiache samaki, anawahitaji. Apunguze papa, hata yule mkavu, na nduaro. Ale dagaa na vibua, wanaoishi muda mfupi na kula planktoni.