Mnong'ono Unaotoka Ndani ya Sikio

Sikio lenye afya si la kupokea sauti tu, nalo hutoa zake. Mwanafizikia David Kemp alizinasa London na kuzitangaza mwaka 1978: alipiga mlio mfupi kwenye mfereji wa sikio, na baada ya milisekunde chache maikrofoni ikasikia mwangwi. Chanzo chake ni koklea, kiungo cha kusikia kilicho ndani ya sikio chenye umbo la konokono, ambako seli za vinyweleo za nje hurefuka na kufupika ili kukuza mtikisiko hafifu. Nguvu kidogo huvuja na kurudi nje.

Kazi yangu ni kuutafuta mwangwi huo. Ni mdogo mno, kiasi kwamba hata pumzi au kumeza mate huufunika. Kwa hiyo narudia mlio mara mamia na kuchukua wastani: mwangwi hurudi vilevile kila mara, kelele haina mpangilio. Marudio 400 hupunguza ukubwa wa kelele mara 20. Kisha nagawa rekodi mafungu mawili kwa kupokezana. Yanapokubaliana ndipo penye jibu la sikio. Yanapotofautiana ni kelele.

Lakini mlio wenyewe nao hugonga kuta za mfereji na kurudi, tena kila mara kwa namna ileile, kwa hiyo wastani hauuondoi. Hapa kuna mbinu ninayoipenda kuliko zote. Tunapiga milio mitatu inayofanana, halafu wa nne uliogeuzwa juu chini na wenye ukubwa mara tatu. Ukijumlisha yote manne, mwangwi wa kuta unafutika, maana hukua sawasawa na mlio. Jibu la koklea halikui hivyo. Mlio ukiongezeka mara tatu, jibu hilo huongezeka pungufu ya hapo. Kinachosalia ni cha koklea.

Baadaye huja swali la masafa, yaani sauti ni nyembamba au nzito kiasi gani. Sauti nyembamba hushughulikiwa mwanzoni mwa koklea, nzito huenda hadi ndani kabisa, kwa hiyo nyembamba hurudi mapema na nzito huchelewa. Mgeuzo wa Fourier, hesabu ya kutenganisha sauti kwa masafa yake, ukifanywa kwa rekodi nzima huonyesha masafa yaliyomo, ila mpangilio huo wa wakati hauonekani. Ndiyo maana natumia vijiwimbi, yaani vipande vya wimbi vinavyolinganishwa na rekodi hatua kwa hatua: vifupi kwa sauti nyembamba, virefu kwa nzito.

Mtoto mchanga hupimwa hivi akiwa usingizini. Jibu likikosekana, huenda ni majimaji tu katika sikio la kati. Likipatikana, seli za nje zinafanya kazi, ingawa neva ya kusikia bado haijapimwa.