Dawa ya Lutetiamu na Tezi Dume: Mzee, Usisubiri Watoto Warudi Desemba

Wazee wanaokuja kliniki hapa Moshi wakiwa na mpira wa mkojo siku hizi wananiuliza habari za dawa ya mionzi waliyoisikia kwenye simu, lutetiamu. Maswali yao ni haya.

Lutetiamu ni nini?
Ni metali, elementi namba 71, iliyogunduliwa mwaka 1907. Iliyomo ardhini haitibu kitu. Ya hospitali ni lutetiamu-177, inayotengenezwa kwenye kinu cha nyuklia.

Inafanyaje kazi?
Huunganishwa na kemikali inayotafuta PSMA, protini iliyojaa kwenye seli nyingi za saratani ya tezi dume. Unachomwa kwenye mshipa, inasafiri na damu na kunasa kwenye seli hizo, hata zilizofika mifupani. Mionzi yake haiendi mbali, kama milimita 2 tu, kwa hiyo inaunguza zaidi palipo na ugonjwa. Inayobaki hutoka na mkojo. Ndiyo maana siku za mwanzo mgonjwa huambiwa anywe maji mengi, akojoe ameketi na amwage maji chooni mara mbili.

Kuna mtu anauza unga wake. Ninunue?
Usinunue. Lutetiamu-177 hupungua nguvu nusu kila baada ya siku 6 na nusu hivi. Baada ya mwezi imebaki kidogo mno. Haikai dukani wala haikorogwi kwenye uji.

Basi nisubiri dawa hiyo ifike huku?
Hapana, mzee wangu. Hiyo ni dawa ya mtu ambaye saratani imeshasambaa na tiba ya homoni imeshindwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulihusisha wagonjwa 831 wa hali hiyo. Walioongezewa lutetiamu, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 15.3, wasioongezewa, miezi 11.3. Miezi minne ina thamani kubwa kwa familia, lakini huko si kupona. Saratani ikikutwa bado imo ndani ya tezi, upasuaji au mionzi ya kawaida inaweza kuimaliza kabisa.

Mkojo unatoka kwa kukatika, naamka mara nne usiku. Si uzee tu?
Njoo upimwe. Mara nyingi huwa ni tezi iliyokua bila saratani, nayo ina matibabu. Lakini huwezi kulijua hilo ukiwa nyumbani. Tena saratani changa mara nyingi haina dalili yoyote, kwa hiyo ukifika miaka 50 zungumza na daktari kuhusu kupima hata kama unakojoa vizuri. Kama baba au kaka yako aliugua, anza na miaka 45.

Nijaribu mizizi kwanza?
Hapana. Kila Januari tunaletewa wazee wa aina moja. Shida ilianza tangu masika, akanywa mizizi, mama akiuliza anaambiwa anyamaze. Watoto wanarudi kula Krismasi wanamkuta baba hainuki kitini, mgongo unamuuma, suruali imefungwa kwa kamba. Hapo ndipo gari linatafutwa, na saratani imeshaingia mifupani. Mizizi ikikupa nafuu wiki mbili, saratani haikusimama wiki hizo. Nasema tena: usianze na mizizi, na usisubiri watoto.

Kile kipimo cha kidole?
Daktari huingiza kidole njia ya haja kubwa kuipapasa tezi. Hakifiki hata dakika moja. Kwa kawaida huenda pamoja na kipimo cha damu cha PSA. Aibu ya dakika moja isikugharimu maisha, baba.

Mgongo unauma na miguu imelegea ghafla. Nije Jumatatu?
Njoo leo. Huenda uti wa mgongo umebanwa, na saa chache zinaweza kuamua kama utatembea tena. Mkojo ukiziba kabisa, vilevile. Nenda hospitali ya KCMC hapa Moshi, hospitali ya Mount Meru kama uko Arusha, au hospitali iliyo karibu, hata iwe usiku wa manane. Tafuta gari ulale, usipande bodaboda.