Je, wajua kwa nini treni ya modeli hupiga shoti baada ya kugeuzwa kwenye meza ya kugeuzia?

Wengi huilaumu injini: imegeuzwa, sasa inatazama ilikotoka, kwa hiyo umeme nao lazima umegeuka ndani yake. Sivyo. Inyanyue kwa mkono, igeuze, irudishe relini palepale, hakuna shoti. Injini ya mfumo wa kidijitali haijali reli ipi imebeba waya upi, kwa sababu mwelekeo wake hutokana na amri inayopokea. Ile ya umeme wa chanya na hasi, yaani isiyo ya kidijitali, itarudi kinyumenyume tu, na dawa yake ni kugeuza swichi ya mwelekeo kwenye kidhibiti mwendo.

Mkorofi ni daraja. Kama kwenye karakana za enzi ya mvuke, meza ya kugeuzia ni shimo la duara lenye daraja linalozunguka juu ya mhimili, na kwenye modeli kila reli ya daraja ina waya wake, moja A na nyingine B. Simama mlangoni umeshika miimo yote miwili, kisha geuka uangalie nyuma: mkono wa kulia sasa uko kwenye mwimo uliokuwa wa kushoto. Reli za daraja hufanya hivyo hivyo zikizunguka nusu duara. Gurudumu la chuma linapovuka mwanya kati ya daraja na njia ya nje, kwa kitambo linakanyaga reli mbili pamoja, moja ya waya A na nyingine ya waya B. Shoti hiyo.

Dawa ya zamani ni pete ya shaba iliyogandishwa kwenye sakafu ya shimo na kukatwa sehemu mbili zinazotazamana. Nusu moja ipewe waya A, nyingine B. Chini ya kila ncha ya daraja funga brashi ya shaba yenye unyumbufu, uilehemu kwenye reli ya kulia ya ncha hiyo, ukitazama nje. Daraja likivuka mikato, brashi hubadilishana nusu na reli hubadilishana waya zenyewe. Njia zote za nje zilizo upande wa nusu A ziwe na A kuliani, ukizitazama kutoka katikati; za upande wa pili, B.

Mkato uwe mpana kuliko brashi. Brashi ya milimita 3 inataka mkato wa 4 hadi 5, la sivyo brashi yenyewe itaunganisha A na B. Mikato ikae pasipo na njia yoyote. Kwenye umeme wa chanya na hasi, zima mwendo kabla ya kuzungusha, maana injini iliyo darajani itageuza mwelekeo ikipita hapo.

Kabla ya kupandisha injini, pima kwa mita ya volti kati ya reli ya daraja na ile inayoikabili nje. Sifuri ni sawa. Ukisoma volti badala ya sifuri, waya za njia hiyo ya nje zimepishana. Zibadilishe, kisha zungusha daraja nusu duara upime tena.

Kuna pia kigeuzi cha kielektroniki kwa mfumo wa kidijitali, ila hicho husubiri shoti itokee ndipo kigeuze. Kisipowahi kabla ya kinga ya kituo kikuu cha kutuma amri kukata umeme, treni zote husimama.

Wenye treni za reli tatu za Märklin, kampuni ya Kijerumani ya treni za modeli, hawaujui mkasa huu: reli zote mbili za pembeni ni waya mmoja, wa pili umo kwenye vijipini vya katikati, na katikati haina kushoto wala kulia.