Kuandika Makala ya Akiolojia ya Bahari: Dhana Potofu na Ukweli

Mabaki ya merikebu yakishafukuliwa hayarudi yalivyokuwa. Mchanga umeondolewa, mbao zimefunguliwa, farumi, yaani uzito uliowekwa chini ili chombo kisiyumbe, imehamishwa. Anayetaka kuhakiki hoja ya mwandishi miaka ishirini baadaye ana vipimo, michoro na picha zilizochapishwa, basi. Ndiyo sababu majarida ya fani hii huwa makali kwenye mambo ambayo wengi huyaona madogo.

Dhana: Ugunduzi ukiwa mkubwa, makala itapokewa tu.

Ripoti ya kazi hueleza nani alizama lini na nini kilipatikana. Hiyo huenda kwa mamlaka iliyotoa kibali. Makala lazima ijibu swali. Kwa mfano: je, wajenzi waliunganisha kwanza mbao za ubavuni ndipo wakatia mataruma, yaani mbavu za chombo, au walisimamisha mataruma kwanza? Jibu hutafutwa kwenye viungo. Mbao zikiwa zimeshikanishwa ukingo kwa ukingo kwa ndimi na matundu (vipande vya mti vinavyoingia kwenye matundu ya mbao mbili zinazokutana), kama zile za Kyrenia, merikebu ya kale iliyopatikana kule Saiprasi, na msumari wa taruma ukaonekana umetoboa ulimi uliokwisha kufungwa, mfuatano wa kazi umejulikana pale. Kiungo hicho kimoja, kikipigwa picha kwa karibu na kuchorwa kwa vipimo, kina uzito kuliko kurasa tatu za kusifia eneo.

Dhana: Mchoro unaopendeza kwenye kompyuta utapendeza ukichapishwa.

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibika. Chukua mpango wa eneo uliochorwa kwa upana wa milimita 420, yaani karatasi ya A3 iliyolala. Ukibanwa uingie kwenye ukurasa wenye nafasi ya milimita 170, hubaki na asilimia 40 ya ukubwa wake. Herufi ya milimita 3 inakuwa milimita 1.2, haisomeki. Mstari wa milimita 0.2 unakuwa 0.08 na hukatikakatika. Maandishi "kipimo 1:20" nayo si kweli tena, kwa kuwa mchoro sasa uko karibu na 1:50. Weka mstari wa kipimo ndani ya mchoro wenyewe, maana huo hupungua sawia na kila kitu, na usisahau mshale wa kaskazini. Kisha bana mchoro mwenyewe hadi milimita 170, uchapishe kwenye karatasi, uusome. Ukikodoa macho, na msomaji atakodoa.

Kwa picha, majarida mengi hutaka nukta 300 kwa inchi. Kwa upana huohuo wa milimita 170 hizo ni pikseli kama 2,000. Mchoro wa mistari wa nukta 1,200 kwa inchi unahitaji kama 8,000. Kuongeza tarakimu hizo kwenye programu baada ya kupiga picha huzalisha pikseli tu, undani hauongezeki.

Dhana: Maabara ikitoa mwaka, umri wa chombo umejulikana.

Kaboni-14 hupima wakati kiumbe kilipoacha kupokea kaboni mpya. Ubao uliokatwa katikati ya gogo hutoa umri wa pete hizo za ndani, ambazo huenda zilikua miaka mingi kabla mti haujaangushwa. Kama gome na pete za nje hazipo, andika kwamba mti ulikatwa baada ya mwaka fulani, usiseme mwaka huohuo. Kombe za bahari huonekana kongwe kwa miaka mia kadhaa kuliko zilivyo, kwa sababu maji ya bahari hubeba kaboni ya zamani; zinahitaji mkunjo (mchoro wa kugeuza umri wa maabara kuwa miaka ya kalenda) wa Marine20 pamoja na marekebisho ya eneo husika, si mkunjo wa IntCal20 unaotumika kwa mimea ya nchi kavu ya kizio cha kaskazini. Sampuli ya mti uliokwisha kutibiwa kwa polietilini glikoli, dawa ya kuhifadhi mbao zilizolowa, nayo hupotosha, kwani kemikali hiyo hutokana na petroli. Kwenye jedwali toa namba ya maabara, umri ghafi (ule wa maabara kabla ya kugeuzwa kwa mkunjo) na kiwango chake cha kukosea, aina ya sampuli, mkunjo, na programu pamoja na toleo lake. Bila umri ghafi, hakuna atakayeweza kukokotoa upya mkunjo mpya utakapotoka.

Dhana: Uwazi wa kisayansi unadai viwianishi kamili vya eneo, yaani namba za latitudo na longitudo.

Eneo lisilolindwa likichapishwa hivyo, waporaji wamepewa ramani. Eleza ghuba au mwamba kwa ujumla, aina ya sakafu ya bahari na kina. Viwianishi kamili vibaki kwa mamlaka husika. Ila kina kitajwe kimepimwa kutoka usawa gani. Pale ambapo maji hupanda na kushuka kwa mita 3, "kina cha mita 6" bila maelezo hakimwambii mtu kitu.

Dhana: Vitu vilivyoopolewa na wafanyabiashara vinaweza kuandikiwa, mradi mwandishi hakuvinunua.

Majarida makubwa ya fani hukataa. Mkataba wa UNESCO wa 2001, ulioanza kutumika 2009, una kiambatisho cha kanuni 36, na kanuni ya pili inapinga kuufanyia biashara urithi ulio chini ya maji. Taja kibali cha uchimbaji na mahali vitu vinapohifadhiwa. Hilo mhariri atauliza kabla hajasoma hoja yako.

Dhana: Ukifuta jina ukurasa wa kwanza, hutambuliki.

Majarida mengi hutaka wapitiaji, yaani wataalamu wanaoikagua makala, wasimjue mwandishi. Lakini jina hubaki kwenye sifa za faili, kwenye shukrani, kwenye maelezo ya picha, na kwenye sentensi kama "katika uchimbaji wetu wa awali".

Dhana: Kutuma kwa majarida mawili kwa pamoja huokoa muda.

Hukataliwa kote kuwili likigundulika.

Dhana: "Marekebisho makubwa" ni njia ya upole ya kukataa.

La, mlango bado uko wazi. Nakili kila hoja ya mpitiaji, na chini yake andika ulichobadili na namba ya mstari. Usipokubaliana naye una haki ya kusema hivyo, lakini mwonyeshe mchoro gani, ubao gani na kipimo gani kinakupa sababu.