Kemo ya kwanza: siku yenyewe huwaje

Huku Malindi watu hawasemi kemotherapia. Husema kemo, na wengine husema tu "anatiwa maji ya kansa". Mama mdogo wangu alipoambiwa aanze, jirani alikuja kumpa pole kwamba anakwenda kuchomwa. Hapo nikaona mambo mawili yamechanganywa. Kinachoitwa kuchomwa ni tiba ya mionzi: mgonjwa hulala chini ya mashine, mashine ikalenga sehemu moja ya mwili, akainuka akaenda zake. Kemo ni dawa. Nyingi hupitia mshipani, nyingine ni vidonge vya kumeza, na zote huzunguka na damu mwili mzima. Ndiyo maana hutumika hata pale daktari anapohofia kwamba saratani imeshatoroka mahali ilipoanzia ikaenda kujificha pasipoonekana kwenye picha.

Jina la vitabuni, tibakemikali, latisha zaidi kwa sababu ya hiyo "kemikali". Mtu akilisikia hufikiria dawa ya panya. Lakini kwenye nyua nyingi za hapa, na kando ya makaburi, huota kichaka kifupi chenye maua ya waridi au meupe ya petali tano, na kijicho katikati. Asili yake ni Bukini, yaani Madagaska. Katika miaka ya 1950 watafiti waliokuwa wakikichunguza kwa ajili ya kisukari waliona kwamba kinapunguza seli nyeupe za damu, na humo zikapatikana dawa mbili za kemo zinazotumika hadi leo, vinkristini na vinblastini. Msiende kuyachemsha, tafadhali. Mmea wenyewe ni sumu, na dozi ya vinkristini ya mtu mzima kwa kawaida haizidi miligramu 2, kiasi ambacho hakuna sufuria inayoweza kukipima.

Kazi ya dawa hizi ni kuzivizia seli zinazogawanyika upesi. Saratani ni seli za namna hiyo. Bahati mbaya mwilini mna nyingine zenye haraka na hazina kosa: za mizizi ya nywele, za ngozi laini ya mdomo na utumbo, na za uboho ndani ya mifupa, ambako damu hutengenezwa. Shida nyingi utakazosikia zikisimuliwa, kuanzia nywele kutoka, vidonda vya mdomo, kuhara, hadi kuishiwa damu, zinatokana na hilo. Nazo seli hizo hupona, kwa hivyo dawa hutolewa kwa awamu zenye mapumziko katikati. Mara nyingi ni kila baada ya siku 21, ingawa zipo za kila wiki na za kila wiki mbili.

Sasa siku yenyewe. Kwanza, huanza jana yake au juzi yake, kwa kutolewa damu. Daktari anataka kuona kama uboho uko sawa, na figo na ini zitaimudu dawa. Seli nyeupe au chembe za kugandisha damu zikiwa chini, dozi huahirishwa wiki moja hivi. Watu hulipokea hilo kama msiba, hasa waliotoka mbali. Aliyetoka Amu, yaani Lamu, amepanda boti hadi Mokowe, kisha basi la kutwa, amelala kwa jamaa, halafu aambiwe arudi. Inauma, najua. Lakini kumtia dawa mtu ambaye damu yake haiko tayari ni hatari kubwa kuliko kumchelewesha. Kama kuna maabara ya kuaminika karibu na nyumbani, uliza kama kipimo kinaweza kufanyiwa huko kabla hujafunga safari.

Sisi tulikwenda Mombasa, kilomita 120 hivi. Tulitoka saa kumi alfajiri ili foleni ya Mtwapa isitukute. Mama mdogo alikuwa amekunywa uji na kipande cha mkate, na hilo ni sawa kabisa, kwani kwa kawaida huendi na njaa. Chakula chepesi na maji mengi, labda daktari wako akuambie vingine. Vaa dera pana lenye mikono inayopandishwa bila kupigana nayo. Beba shali, maana vyumba vile huwa na baridi ya mashine. Na hina haina neno, ila piko nyeusi kwenye kucha huweza kukisumbua kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni, basi acha walau kidole kimoja kitupu.

Tulipofika hatukuona dawa kwa muda mrefu. Hili ndilo ambalo hakuna aliyetutahadharisha nalo. Sehemu kubwa ya siku ile ni kungoja. Kungoja faili, kungoja idhini ya SHA, ile bima ya afya ya serikali, kungoja daktari apitie majibu ya damu, kungoja mfamasia achanganye dawa, ambayo haichanganywi mpaka kila kitu kikubaliwe. Mama mdogo alivuliwa viatu akapimwa uzito na urefu, kwa sababu dozi nyingi za kemo hukokotolewa kwa ukubwa wa mwili katika mita za mraba. Aliposimamishwa kwenye kipimo cha urefu akamgeukia nasi, yaani muuguzi: "Mwanangu, wanipima dera ama sanda?" Binti wa watu akacheka hadi akakosea kuandika, akampima upya.

Kisha yanakuja maswali. Una mzio? Una sukari, presha? Unatumia dawa gani? Hili la mwisho watu hulijibu nusu. Wanataja vidonge vya presha, wananyamazia chupa ya majani ya mstafeli iliyoko jikoni, mlonge, mwarobaini, habasoda, na dawa aliyoileta mtu kutoka Tanga. Semeni yote. Si kwamba mtagombezwa. Baadhi ya mitishamba hubadilisha jinsi ini linavyoisaga kemo, ikabaki mwilini nyingi mno au chache mno. Waambieni pia kama mna nia ya kuumikwa, yaani kupigwa chuku, kwa sababu chembe za kugandisha damu zikishuka, chale ndogo inaweza kutoka damu isikome. Mwanamke ambaye bado yumo katika umri wa kuzaa aulize habari za uzazi siku hiyo au, bora zaidi, kabla yake. Ukishakubali unatia saini fomu ya ridhaa, na una haki ya kusomewa kwa Kiswahili kila kilichoandikwa.

Ndipo inapoingia kanula, kile kimrija cha plastiki cha mshipani. Unaumwa kama unapotolewa damu, halafu basi. Mikono ya watu wazima wetu, na ile baridi, mishipa hujificha. Maji ya kunywa tangu asubuhi na kitambaa cha uvuguvugu husaidia.

Chupa ya kwanza si kemo. Ni dawa za kuzuia kutapika, na mara nyingi deksamethasoni, ambayo hutuliza kichefuchefu na hupunguza hatari ya mzio. Hiyo deksamethasoni ina vituko vyake: humfanya mtu akeshe macho makavu usiku akipanga upya kabati, na hupandisha sukari. Mwenye kisukari asishtuke kuona namba zimeruka kwa siku mbili tatu, lakini aulize mapema afanye nini zikiruka.

Nasi akarudi amevaa glavu na aproni ndefu, na mama mdogo akanifinya. Ukimwona mtu anajikinga hivyo na dawa anayokutia wewe mshipani, lazima moyo ushtuke. Sababu yake ni rahisi. Wewe unaipata kwa hesabu, kwa ajili ya ugonjwa ulio nao. Yeye anaishika kila siku ya kazi na hana ugonjwa huo, hataki hata tone limguse.

Dawa moja ya mama mdogo ilikuwa nyekundu kama sharubati ya rosela. Hiyo ni doksorubisini. Haitundikwi kwenye ndoana ikaachwa. Nasi huketi na bomba la sindano akaisukuma polepole, macho kwenye mkono wa mgonjwa. Mkojo ukitoka mwekundu siku hiyo na ya pili, ni rangi yake, si damu. Tuliambiwa hivyo mapema, tukashukuru, maana tungerudi hospitali mbio. Mgonjwa mwingine atapewa dawa nyeupe kama maji, na hana atakachokiona.

Kwa wengi, ikiingia haiumi. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ya tabia yetu. Dawa kadhaa za kemo, hiyo nyekundu ikiwa mojawapo, zikivuja nje ya mshipa huweza kuunguza nyama. Dalili ni moto, maumivu au uvimbe pale kwenye kanula. Nyingine, kama paklitakseli, huweza kuleta mzio katika dakika za mwanzo: kuwashwa, uso kupata joto, kifua kubana, mgongo kuuma ghafla. Dawa ikisimamishwa upesi, mambo mengi hutengenezeka. Kwa hiyo nasi anauliza kila mara: "Mama, unasikiaje?" Na mama mdogo, kama alivyolelewa, anajibu: "Alhamdulillahi." Alhamdulillahi ya kwetu ni jibu la mwenye afya na ni jibu la anayekata roho. Nasi yule alikuwa mzoefu wa watu wa Pwani. Akaacha kuuliza vile, akasema, "Nioneshe kwa kidole, wapi pamekuwa tofauti na dakika tano zilizopita?" Mama mdogo akagusa juu kidogo ya kifundo cha mkono. Palikuwa na mvuto tu wa plasta, haikuwa kitu. Lakini tangu hapo nilijua swali la kumuuliza, na kila anayemsindikiza mzee nampa swali lile lile.

Kukaa kitini kulichukua saa tatu na ushei, siku nzima ikawa karibu saa tisa. Dozi nyingine huisha kwa nusu saa, nyingine huchukua kutwa. Beba tasbihi, redio ya masikio, chochote. Beba chakula, lakini si kile anachokipenda kuliko vyote. Sisi tulijifunza vibaya: nilimpikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, akaula vizuri saa saba, usiku akatapika, na kwa miezi akawa hawezi kusikia harufu ya tui. Mwili hukitwika chakula kosa la dawa. Beba viazi vitupu, ndizi, mkate mkavu, chai ya tangawizi, vitu ambavyo hutavililia ukivikosa.

Ukirudi kwa matatu, chukua mkebe wenye kifuniko. Mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku Kenya tangu 2017, na wa karatasi hauwezi kazi hii. Pengine hutauhitaji, mama mdogo alilala kutoka Mtwapa hadi Gede. Kichefuchefu mara nyingi huja jioni, au siku ya pili hadi ya nne, mtu akiwa ameshatangaza kwamba kemo ni uongo mtupu. Vidonge vya kuzuia kutapika mezeni kwa saa zilizoandikwa, hata kama tumbo limetulia. Kuyazuia matapishi ni rahisi kuliko kuyasimamisha.

Nyumbani wataulizana kama mtoto aketi mapajani mwake. Aketi. Saratani haiambukizi, na kumkumbatia aliyetiwa kemo hakuna dhara. Cha kuchunga ni mkojo, matapishi na choo kwa saa 48 hivi, kwani mabaki ya dawa hutokea huko. Mwaga maji mara mbili, funika choo kama kina kifuniko, anayefua shuka zilizochafuka avae glavu azifue peke yake. Mjamzito asipewe kazi hiyo.

Nywele, ambazo kila mtu huziulizia kwanza, siku hiyo haziendi popote. Kwa dawa zinazozitoa, huanza kuanguka wiki ya pili au ya tatu, kwenye mto na kwenye chanuo. Kuna dawa ambazo haziziondoi kabisa.

Kinachostahili wasiwasi huo ni kitu kingine. Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya kemo, seli nyeupe huwa zimeshuka hadi chini kabisa, na mwili hauna askari. Nunua kipimajoto siku ile ile ya kemo, ukiwa bado mjini. Joto likifika 38, au mgonjwa akitetemeka kwa baridi hata kama kipimo hakijafika hapo, ni dharura. Asimeze Panadol akalala ati aone asubuhi, kwa maana Panadol itaficha joto na maambukizi yataendelea chini kwa chini. Aende hospitali usiku huo huo, na neno la kwanza mlangoni liwe "nimetiwa kemo", pamoja na tarehe. Sisi wa Malindi tuna tuktuk saa yoyote. Aliyeko visiwa vya Amu, kama Shela, Matondoni au Pate, aamue mapema, kabla ya siku ya 7, ni boti ya nani itakayomvusha saa nane za usiku, na namba yake aibandike ukutani.