Tangazo Lililopigwa Picha: Tovuti Yako Mbele ya Asiyeona na Mbele ya Google

Mwenzetu mmoja ofisini haoni. Kazi zake zote za kompyuta anazifanya kwa NVDA, programu ya bure inayosoma kwa sauti kilichopo kwenye skrini, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na kijana ambaye naye haoni. Siku moja aliambiwa kuna tangazo la kazi kwenye tovuti ya taasisi fulani. Lilikuwepo kweli, tena ukurasa wa mbele. Alichosikia ni hiki: "Kiungo, picha, IMG 20230914 WA0007." Basi.

Si vigumu kukisia lilipopitia. Barua iligongwa mhuri, ikapigwa picha kwa simu, ikatumwa WhatsApp, ikapandishwa tovutini kama ilivyo. Na mimi ninayeona, nilipolitafuta tangazo hilohilo Google kwa jina la nafasi yenyewe, lililotangulia si la taasisi. Ilitokea tovuti ya watu wa kati, waliokaa wakalichapa upya neno kwa neno na kulizungushia matangazo yao ya biashara.

Mafunzoni huwa naanza na kisa hiki, maana maofisa habari wengi huja wakiamini kuna mambo mawili yanayogombania bajeti moja: kuwafikia watu wenye ulemavu, na ile kazi ya kuifanya tovuti itokee juu kwenye matokeo ya utafutaji, ambayo watu wa fani huiita SEO. Kwa sehemu kubwa ni kazi moja. Injini ya utafutaji hutegemea maneno, na NVDA hutegemea maneno. Ni kweli siku hizi zipo programu zinazoweza kuotea maandishi yaliyo ndani ya picha, ila zinakosea, na zikikosea kwenye tarehe ya mwisho ya kutuma maombi anayeumia ni mwombaji.

Chukua vichwa vya habari. Asiyeona hasikilizi ukurasa wote tangu juu hadi chini, kama wewe usivyosoma gazeti lote. Anabonyeza herufi H, anaruka kutoka kichwa hadi kichwa mpaka afike anapotaka. Lakini ukikuza maandishi na kuyakoleza tu bila kuyatambulisha kama kichwa, H inapita bila kusimama, na Google nayo inapoteza alama ya kujua ukurasa unahusu nini. Viungo navyo ni hivyohivyo. NVDA inaweza kukuorodheshea viungo vyote vya ukurasa. Nimewahi kuisikia orodha ya namna hiyo: bofya hapa, bofya hapa, bofya hapa, soma zaidi, bofya hapa. Kiungo kikiandikwa "Pakua fomu ya maombi ya leseni", kila mmoja anajua kinampeleka wapi, injini ikiwemo.

Panapoanza ugomvi ni kwenye maelezo ya picha, yale maneno yanayowekwa nyuma ya picha kwenye msimbo wa ukurasa, yaani maandishi ya kompyuta yanayoujenga. Mtu wa masoko akishaambiwa kwamba Google huyasoma, anaona kapata shamba la bure. Nilikuta picha ya kikundi cha vikoba imepewa maelezo haya: "mkopo, mikopo nafuu, mkopo wa haraka, mkopo kwa wanawake, mkopo Dar es Salaam, mkopo bila dhamana." Hebu yasome kwa sauti. Ndivyo anavyoyasikia mteja asiyeona, na ukurasa ulikuwa na picha tisa za namna hiyo. Google wenyewe wanakataza kurundika maneno hivyo, wanasema ukurasa unaweza kuonekana ni taka. Tulipendekeza hivi: "Wanawake wanne wa kikundi cha vikoba wakihesabu akiba mezani, sanduku la kufuli tatu likiwa wazi." Neno mkopo limetoka. Kama ukurasa unahusu mikopo, litakuwepo kwenye kichwa na kwenye aya, mahali pake.

Picha za mapambo tu, kama mstari wa maua au mandhari nyuma ya kichwa, ziachie maelezo matupu. Matupu, si kuyafuta kabisa: kwenye msimbo, alama za nukuu zinazoyazunguka maelezo zibaki bila kitu kati yake, na programu itaipita picha kimyakimya. Hapo watu wa SEO hulalamika kwamba tunapoteza nafasi. Waache walalamike.

Kuna marekebisho ambayo hayatakupandisha hata hatua moja Google na bado ni ya lazima. La kwanza ni kutaja lugha ya ukurasa kwenye msimbo. Tovuti zetu nyingi zimejengwa juu ya violezo vya kigeni vinavyojitambulisha kuwa ni vya Kiingereza. Google hawajali, wanaitambua lugha kwa kuyatazama maandishi yenyewe. NVDA inajali. Inaambiwa ni Kiingereza, basi inasoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, na "wanachama wote mnatangaziwa" inatoka kama mzungu wa siku ya kwanza uwanja wa ndege. Dawa yake ni herufi mbili, sw.

La pili ni rangi. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kuzifanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, ambao toleo lake la 2.2 lilitoka Oktoba 2023, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Kijivu hafifu juu ya nyeupe, ambacho wabunifu wanakipenda mno, mara nyingi hakifiki hapo. Mzee mwenye mtoto wa jicho hakisomi, na bodaboda aliyeshika simu juani saa saba mchana hakisomi pia.

Ukitaka kuipima tovuti ya ofisi yako hauhitaji mshauri. Kwenye simu nyingi za Android, bonyeza vitufe viwili vya sauti kwa pamoja kwa sekunde chache, TalkBack, programu ya simu inayosoma skrini kwa sauti, itawaka. Simu isipoitikia, iwashe kwenye mipangilio. Fumba macho, fungua tovuti, utafute namba ya simu ya mapokezi. Lakini kwanza jifunze kuizima, kwa vitufe vilevile, maana ikishawaka hata kugusa skrini kunabadilika, na wapo waliomaliza mafunzo yetu wakiwa wamekwama kwenye simu zao wenyewe.