“Censure”: karipio, au kura ya kumng’oa mtu?

Neno la Kiingereza censure hutafsiriwa vibaya mara nyingi, na kosa huanzia kwenye kusoma. Macho ya haraka huona censor. Ukiandikiwa kwamba bodi imefanya censored kwa filamu, filamu imekatwa vipande au imezuiwa. Ikiwa ni censured, bodi imemkaripia mhusika rasmi, na filamu haijaguswa. Tofauti ni herufi moja, o na u, lakini sikio halidanganyiki: censure ina sauti ya “sh” katikati, censor haina. (Censer ni neno jingine kabisa: ni chetezo cha kufukizia ubani.)

Uzito wa censure uko kwenye mamlaka. Kutopendezwa na jambo kunaweza kubaki moyoni, na kukosoa anaweza yeyote. Censure hutoka kwa chombo chenye haki ya kumhukumu mtu wake: bunge, baraza, chama cha wanasheria. Ndiyo maana “lawama” naiona nyepesi mno. “Karipio rasmi” linakaribia zaidi. Kisarufi, kitenzi humshika mtu kwanza, kisha for, kisha kosa: censured him for lying. Wengi huandika censured that he lied, na hilo ni kosa.

Pagumu ni bungeni, kwa sababu kura yenye jina hilo haifanyi kazi moja kila nchi. Marekani, tarehe 2 Desemba 2010, Baraza la Wawakilishi lilimpigia mbunge Charles Rangel kura ya censure, 333 dhidi ya 79. Alisimama mbele ya wenzake, Spika Nancy Pelosi akamsomea azimio, basi. Kiti hakupoteza, aliendelea kuwa mbunge hadi Januari 2017. Kumfukuza kungehitaji theluthi mbili ya kura. Hapo “karipio” linatosha, na ukiandika “aliondolewa” umepotosha habari.

Uganda ni tofauti. Ibara ya 118 ya Katiba inaruhusu Bunge kupiga vote of censure dhidi ya waziri, kwa kuungwa mkono na zaidi ya nusu ya wabunge wote. Waziri asipojiuzulu, Rais anatakiwa kuchukua hatua. Hapo mimi huandika “kura ya kutokuwa na imani na waziri”, maana “karipio” litamfanya msomaji adhani waziri ameonywa tu.

Ukitafsiri habari za Kifaransa kupitia Kiingereza, ongeza uangalifu. Motion de censure huangusha serikali nzima. Ndivyo ilivyomkuta Waziri Mkuu Michel Barnier huko Ufaransa Desemba 2024, kwa kura 331 wakati zilihitajika 288, na Waziri Mkuu Sylvestre Ilunga Ilunkamba huko Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo Januari 2021. Baadhi ya waandishi wa Kiingereza huiita motion of censure; kwa Kiswahili iandike “hoja ya kutokuwa na imani na serikali”, na neno karipio lisiingie kabisa.